Jino Namba 46

Kwenye kadi yangu ya kliniki daktari aliandika kitu kifupi mno: "46 RCT". Nikaipokea, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfuko wa shati. Nilipofika kituoni kusubiri daladala nikaikunjua tena. Arobaini na sita? Mimi ni fundi cherehani, nashinda na futi shingoni, kuhesabu ndiko kunakonilisha. Mtu mzima ana meno 32, tena hapo magego ya mwisho yawe yameota yote. Hilo la arobaini na sita nimelitoa wapi? Nikapitisha ulimi jino kwa jino pale pale kituoni, kama mtu anayehesabu noti gizani, nikapata 30. Basi nikajiambia kadi imechanganywa na ya mtu mwingine.

Sikurudi kwa miezi minne. Nikiwa mkweli, nilikuwa natafuta sababu ya kutorudi, na ile namba ikanipa.

Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba haisomwi arobaini na sita. Inasomwa nne-sita. Mdomo unagawanywa mitaa minne: juu kulia kwako ni mtaa wa 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Halafu ndani ya kila mtaa unahesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele kurudi nyuma, 1 mpaka 8. Nne-sita ni nyumba ya sita, mtaa wa nne: gego la kwanza kubwa la chini, upande wa kulia. Ndiyo maana hutasikia daktari akitaja jino 19 wala 20, nyumba hizo hazipo. Meno ya utotoni yana mitaa yake, wa 5 hadi wa 8. Wamarekani wana hesabu yao nyingine, wanakwenda moja kwa moja 1 mpaka 32, na gego langu hilohilo kwao lingekuwa namba 30. Mtu akiwa na ndugu kule anayemtumia picha za meno, ni vizuri waelewane kwanza wanahesabu za nani.

Na hiyo RCT? Hiyo niliipeleka duka la dawa. Nilijua ni jina la dawa. Dada wa pale aliigeuza kadi, akaisoma tena, akasema, "Hii hatuna kaka, labda nikupe ya kufanana nayo." Akanipa amoksilini na vidonge vya maumivu. Nikalipa, nikashukuru. Najua sasa kwamba RCT ni kutibu mzizi wa jino, na hakuna kidonge cha kufanana nayo.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kwa nini mtu wa umri wangu alikuwa anaingia kliniki ya meno kwa mara ya kwanza. Nimezaliwa Maji ya Chai, barabara ya Arusha kwenda Moshi. Anayezijua sehemu zile ameshaelewa. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia, na kwenye chonge kuna vidoa kama vya kutu. Nilipokuja Dar es Salaam kujifunza kushona, wenzangu walidhani natafuna kitu, au sipigi mswaki. Nikazoea kucheka mdomo umefumbwa. Mtu anayeficha meno kwa jirani hawezi kumpelekea mgeni mwenye taa.

Daktari alipofungua mdomo wangu siku ya kwanza hakushtuka hata kidogo. Aliuliza tu, "Kaka, wewe wa Arusha?" Akasema hizi si dalili za kuoza, ni floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu vipo visima na vijito vinavyopita hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanapotengenezwa ndani ya taya, gamba la jino, lile gumu la nje wanaloliita enameli, linatoka na kasoro. Meno yakishaota, maji hayohayo hayawezi tena kuyageuza rangi kwa namna hiyo. Kwa hiyo kusugua hakusaidii, na zile poda za kung'arisha zinazouzwa barabarani zinakwangua gamba lenyewe.

Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa anatuchemshia maji kila siku, akijua anatulinda. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani. Na maharage tulipikia magadi, ambayo nayo inayo. Si kosa lake. Pale karibu, Ngurdoto, kuna kituo kilichotafiti namna ya kuiondoa kwa kuchuja maji kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini sisi tukiwa wadogo nyumbani kwetu habari hizo hazikufika.

Halafu daktari huyohuyo akaniambia nitumie dawa ya meno yenye floraidi! Nikamwambia, "Daktari, si umesema ndiyo iliyoniharibu?" Akacheka. Ikiwa kidogo, tena juu ya jino, inalikaza gamba lisiliwe na asidi. Ikizidi ndani ya mwili wa mtoto inaharibu. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Akaniambia pia nikimaliza kupiga mswaki niteme tu, nisisukutue na maji mengi, maana naimwaga dawa yote niliyoinunua.

Sasa 46 yenyewe. Lilikuwa na tundu miaka mingi. Kwetu tunasema jino limeliwa na mdudu, na mimi nilikuwa naamini mdudu halisi, mwenye miguu. Kumbe dunia nzima iliamini hivyo tangu Babeli, na hata Mfaransa Pierre Fauchard, aliyeandika kitabu kikubwa cha udaktari wa meno mwaka 1728, alisema ametafuta huyo mdudu hakumwona. Kinachokula jino ni asidi. Bakteria walio kwenye ule utando unaonata asubuhi, ukoga, wanakula sukari uliyokula wewe, wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini ya gamba. Kila ukinywa soda au chai yenye sukari unawapa zamu nyingine. Mimi chai nilikuwa nakunywa kutwa nzima pembeni ya cherehani, fundo moja moja, kikombe hakiishi. Daktari akasema bora ningekunywa vikombe viwili vya mara moja nikamaliza. Sikujua kwamba kutawanya ndiko kunakoumiza.

Jino lina lugha yake, na ningeijua ningeokoa hela. Mwanzo lilikuwa linashtuka kwa maji baridi, linapoa kabla sijashusha glasi. Hapo asidi imevuka gamba imeingia tabaka la pili, dentini, na kazi bado ni ndogo: kusafisha tundu na kuziba. Nilinyamaza. Mwaka uliofuata likabadilika, likawa linakataa cha moto, na likiuma linauma robo saa, nusu saa. Usiku nikilala ndiyo linaamka kabisa, linapiga pamoja na moyo, du, du, du, nakaa kitandani nimeegemea ukuta. Maana yake ni kwamba ile nyama laini ya ndani, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, imevimba, na imevimba ndani ya chumba kigumu kisichotanuka. Ukilala damu inajaa zaidi kichwani. Hapo kuziba peke yake hakutoshi tena. Ndicho kipindi nilichokwenda nikapewa ile kadi.

Siku nne baada ya dada wa duka la dawa, jino likanyamaza. Kimya. Nikanywa chai ya moto upande ule, kimya. Nikamsifu yule dada kwa wateja wangu wote.

Jino lilikuwa limekufa. Mishipa ikifa hakuna wa kupeleka habari za maumivu. Uozo unabaki mle ndani unashuka taratibu kwenye mizizi mpaka unatokea mfupani. Na dawa ya kumeza husafiri na damu. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki, kwa hiyo ningemeza duka zima isingefika kwenye chanzo.

Mwezi wa nne tangu nipewe kadi nikaamka shavu limejaa kama nimeficha andazi. Mama, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akasaga karafuu akanibandika. Ilitulia kidogo, ikanichoma ufizi. Jioni uvimbe ukaanza kushuka kuelekea kidevuni na mate yakawa magumu kumeza. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba, hatulali hapa leo," tukaenda hospitali. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Uvimbe wa jino ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukaanza kuinuliwa, kumeza au kupumua kukawa shida, hapo si suala la jino tena, ni suala la uhai, na mtu hasubiri kukuche.

Walinifungua usaha ukatoka. Ganzi ilishika nusu nusu. Jipu lina asidi na asidi inaipunguzia ganzi nguvu, kwa hiyo nilisikia zaidi ya nilivyotegemea. Sitakuambia haikuuma.

Wiki iliyofuata nikarudi kwa daktari wangu na kadi ileile, imechakaa kwenye mikunjo. Alinipa chaguo mbili: kung'oa, au kutibu mzizi. Bei ya kutibu ilikuwa karibu mara kumi ya kung'oa. Nikamuuliza swali ambalo ningeuliza miezi minne nyuma: "Daktari, jino si umesema limekufa? La nini kulitibu maiti?" Akaniambia lililokufa ni la ndani. Gamba, dentini na mizizi iliyoshikwa na mfupa vinaweza kutafuna miaka mingi, mradi kile kilichooza ndani kitolewe na njia zizibwe. Nikakubali. Gego la kutafunia si la kuachia hivi hivi.

Kiti kile nilikikalia mara mbili, kila mara zaidi ya saa nzima. Sindano ya ganzi ya taya ya chini inapigwa nyuma kabisa, ndani ya shavu, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo na nusu ya ulimi vinakuwa si vyako. Akanifunika kitambaa chembamba cha mpira chenye tundu moja, 46 likachungulia peke yake. Kwanza nilidhani ni mbwembwe. Kumbe kinazuia mate yenye vijidudu yasiingie, na kinazuia vifaa vyake visidondokee kooni kwangu. Akatoboa. Kikafuata kinachofanana na harufu ya jiki, nami nikauliza kwa mikono. Ni jamaa yake kweli, dawa ya aina hiyohiyo, inaoshea njia za ndani na kuyeyusha mabaki ya nyama.

Lakini kilichonivutia mimi ni sindano zake. Anaziita faili. Zimepangwa kwenye sponji, kila moja na kishikio cha rangi: nyeupe, njano, nyekundu, buluu, kijani, nyeusi. Namba zimeandikwa juu: 15, 20, 25. Nikamuuliza baadaye ni namba za nini, akasema ni unene wa ncha kwa sehemu za mia za milimita. Sasa hapo tukawa tunaongea lugha moja. Sindano yangu ya cherehani ya kila siku ni namba 90/14, na hiyo 90 ni hesabu hiyohiyo: milimita 0.90. Ile faili nyeupe ni 0.15. Nyembamba mara sita kuliko sindano ninayoshonea suruali, na anaipitisha kwa kuzungusha vidole viwili ndani ya njia asiyoiona, huku kamba ya mashine imening'inizwa mdomoni mwangu inalia anapokaribia ncha ya mzizi. Nimefundisha vijana wengi kushona. Nikamwangalia daktari vile vidole nikamheshimu.

Njia zilikuwa tatu. Alizisafisha, akaziacha na dawa, akaziba kwa muda. Na ile zibo ya muda ilinuka karafuu. Nikadhani pua inanitania. Akasema ndiyo, mafuta yaliyomo kwenye karafuu, eujenoli, yanachanganywa na unga wa oksidi ya zinki. Nilimpigia mama simu jioni ile ile, maneno yananitoka upande mmoja wa mdomo, nikamwambia madaktari nao wanatumia yake. Akasema, "Si nilikwambia." Sikumkumbusha ufizi.

Mara ya pili akaziba moja kwa moja, kwa vijiti laini vya rangi ya waridi vinavyoitwa gutapecha. Ni utomvu wa mti wa Malaya. Nilipoutafuta kwenye simu nikakuta ndio uliokuwa ukifunika nyaya za simu za maandishi, telegrafu, zilizolazwa chini ya bahari, ukiwemo ule uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Maji ya chumvi hayapenyi. Nimebaki napenda kuwaza kwamba mdomoni nilikuwa na kipande cha waya ule.

Sasa naeleza upuuzi wangu. Daktari alisema baada ya hapo jino livishwe kofia. Mimi kofia nikaisikia kama pambo, kama yale meno ya dhahabu ya wazee wa zamani. Nikasema asante, mimi si mtu wa mapambo, tena kipindi kile nilikuwa na sare za shule za kushona na deni la kitambaa. Hakuna aliyenieleza, wala mimi sikuuliza, kwamba jino lililotolewa kiini limebaki kuta, na kuta zisipofungwa pamoja zinapasuka. Kofia ni pindo. Nguo usipoipinda inaanza kufumuka ukingoni, na hilo mimi ningelielewa kwa neno moja.

Miezi saba baadaye, harusini, nimetafuna kijiwe kwenye pilau. Kah! Watu wa meza ya pili waligeuka. Lilipasuka kutoka juu mpaka kwenye mzizi, na ufa wa namna hiyo haushoneki.

Kung'oa kulichukua dakika kumi. Ganzi safari hii ilishika sawasawa, nikasikia kusukumwa tu. Maagizo: ung'ate pamba nusu saa, usisukutue siku nzima, usivute sigara, usinyonye kwa mrija. Damu iliyoganda shimoni ndiyo bandeji, ikitoka mfupa unabaki uchi na siku ya tatu utajuta. Niliomba nilione jino. Vipande viwili, kila kimoja na mguu wake, ukiviunganisha ni suruali kabisa.

Siku ile niliuliza maswali yote niliyoyalimbikiza. Fizi zikitoka damu ukipiga mswaki? Mimi nilikuwa napaacha panapotoka damu, ili papumzike. Kinyume kabisa, ukoga unabaki pale pale unaganda kuwa ugaga, na ugaga mswaki hauutoi, unakwanguliwa na daktari. Na je, kukwanguliwa kunalegeza meno? Kunaacha nafasi, kwa sababu ugaga ndio uliokuwa umezijaza. Jino lililolegea lilikuwa limelegea tayari, ugaga ulikuwa umelishika kama gundi.

Nikamuuliza na la meno ya plastiki, ule ugonjwa unaosemwa huwaharisha watoto, kwa sababu binti yetu mdogo alipoharisha shangazi mmoja aliijia nyumba yetu na mganga wa kuyang'oa. Mke wangu alimkatalia mlangoni. Daktari akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Akasema ugonjwa huo haupo. Wanachokichimba kwenye ufizi wa mtoto ni vichipukizi vya chonge za utotoni ambazo hazijaota, vyeupe na laini, na mara nyingi wanaharibu na chonge ya ukubwani iliyo chini yake. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari (ORS) na zahanati.

Mwanangu wa kwanza ametimiza miaka sita. Nimemwangalia kwa tochi ya simu: nyuma ya meno yake ya utotoni kumechomoza jipya kila upande, bila lingine kung'oka. Wazazi wengi tunadhani nalo ni la utotoni, likioza litaota jingine. Ndilo gego la nyumba ya sita, la maisha, na nadhani ndivyo langu lilivyoachwa likaharibika. La kwake nimelipeleka, limepakwa ile dawa inayojaza mifereji ya juu ili chakula kisikwame. Hakulia. Alitaka kujua kile kiti kinapandaje.

Mimi pengo langu bado. 47 limeanza kuegemea mbele, na 16, la juu ya pengo, linashuka polepole kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye. Daktari ameniwekea bei tatu kwenye karatasi: meno bandia ya kuvaa na kuvua, daraja, kipandikizi. Daraja litahitaji kuchonga 45 na 47, ambayo ni mazima. Kipandikizi ni skrubu ya titani ndani ya mfupa, unasubiri miezi mfupa uishike, na bei yake ni ya cherehani mbili mpya. Karatasi nimeibandika ukutani pembeni ya kalenda ya oda. Kwa sasa natafunia kushoto.